Kikohozi Ndani ya Biti

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi huku tupo, tunapumua, na cherehani zote mbili zinatembea. Mama anakusalimu na anauliza kama sweta aliyokushonea bado inakutosha au chakula cha kambini kimekuharibu umbo. Shule zimefunguliwa, kwa hiyo duka limejaa sare mpaka mteja akiingia inabidi mwingine atoke. Mama anashona, mimi nakata nyuzi na kupiga pasi, na ugomvi wetu wa redio unaendelea kama ulivyouacha.

Kilichonikalisha kuandika ni kompyuta uliyoniachia. Ulisema ni ya kuchapia barua za kuomba kazi. Nimechapa moja. Baada ya hapo nikaweka programu ya kutengenezea muziki, na tangu hapo sijachapa nyingine. Usikasirike kabla hujasikia.

Mwanzoni nilikuwa natumia ngoma zinazokuja na programu, zile ambazo kila mtu anazo, na kila nilichotengeneza kilifanana na kitu ambacho watu wameshakichoka. Siku moja Mama alikuwa anakata kitambaa kizito, nikasikia jinsi mkasi unavyogonga meza kila mkato unapoisha. Nikaurekodi kwa simu. Nikarekodi pasi ikitoa mvuke, kanyagio la cherehani, kopo la vifungo nikilitikisa. Nikavikata vipande, nikavipanga upya. Mkasi ndio ngoma ndogo. Besi nimeitoa kwenye mlango wa kabati, nikaishusha chini mpaka ikawa kama mtu anayesogeza jiwe chumba cha pili.

Kuna kijana watu wanamwita Kigugumizi, na jina amelikubali. Anafanya kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka mtaa wa nyuma. Akiongea, neno linamkwama mpaka unatamani umsaidie kulivuta. Akiimba halimkwami hata moja. Ameandika wimbo juu ya biti hii, na nimempa nakala kwenye simu yake afanyie mazoezi. Nakala ya pili ni hii iliyomo kwenye flashi. Nimeishona ndani ya pindo la leso ninayokutumia, kwa sababu dereva wa lori la vyakula simjui vizuri, na huko kwenu simu hazishiki hata ningetaka kukutumia kwa njia nyingine.

Isikilize peke yako, Mjomba. Usimpe mtu, hata kwa kuonja. Huku biti zinaibwa kama nguo kwenye kamba.

Mpwa wako

27 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Mwambie dada yangu sweta inanitosha, ni tumbo tu ndilo lisilotosha ndani ya sweta. Huku tunaendelea na ukuta wa bwawa. Mimi bado niko juu kwenye kibanda cha kreni kutwa nzima, na wenzangu sasa wananiita Twiga. Nimewaambia twiga hapigi kelele wala haombi tumbaku, wao wafuate mfano.

Flashi niliikuta. Nimetumia wembe kufumua pindo, na leso imepona. Redio yangu ndogo ina tundu la flashi, kwa hiyo nilipanda nayo kibandani. Nilisikiliza, nikasikiliza tena, halafu mtu wa chini akaanza kunipungia bendera kwa hasira kwa sababu ndoo ya zege ilikuwa inaning'inia hewani na mimi natikisa kichwa. Sijui muziki, lakini najua kitu kilichofungwa vizuri na kilichofungwa ovyo. Hiki umekifunga vizuri. Ule mlango wa kabati nimeutambua. Nimewahi kubanwa nao kidole.

Sasa niulize jambo. Katikati, pale mkasi unapotulia kidogo, kuna mtu anakohoa. Mara ya kwanza nilidhani ni redio. Umekiacha makusudi? Kikohozi hicho si cha mteja aliyepita njia. Kinaanzia mbali, na mwishoni kuna mtu anajizuia kisisikike. Dada yangu hajambo kweli, au hajambo ya kwenye barua?

Barua hii anakuletea dereva. Suruali yake imechanika gotini, nimemwambia duka lenu liko njiani kwake. Mshonee vizuri, ni mtu wa msaada.

Mjomba wako

20 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Tumepata barua, tumecheka sana habari za ndoo ya zege. Mama amesema uache kusikiliza muziki ukiwa na mizigo juu ya vichwa vya watu. Yeye ni mzima. Kikohozi ulichosikia ni vumbi la pamba, wiki ile tulikuwa tunakata vitambaa vya blanketi na hata mimi nilipiga chafya mpaka mbavu zikauma. Nilikiacha kwa sababu kiliangukia kwenye mapigo sawasawa, kana kwamba amefundishwa.

Yule dereva wako nimemtilia kiraka. Lakini, Mjomba, macho yake yanatembea. Alikaa kwenye stuli ya wateja muda mrefu kuliko suruali ilivyohitaji. Akauliza, "Fundi mkubwa yuko wapi?" Nikamwambia amekwenda kununua uzi. Akatazama rafu, akaona uzi umejaa, akanitazama mimi. Halafu akanyoosha shingo kuelekea kwenye pazia la chumba cha nyuma. Nikasimama mbele ya pazia na pasi ya moto mkononi, akakumbuka kuwa ana safari.

Hilo dogo. Kubwa ni hili. Jumatatu nilikuwa napiga pasi, redio imewashwa, likaja tangazo la magodoro. Mwanamume mwenye sauti ya asali anasema lala kama umezaliwa leo. Na chini ya sauti yake, Mjomba, ni mkasi wangu. Ni kanyagio langu, ni vifungo vyangu, ni mlango wa kabati letu. Nikadhani nimechanganyikiwa kwa joto la pasi. Nikasubiri lirudi. Liliporudi nikasikia na kikohozi, hawakukitoa hata hicho. Nilikuwa nimeweka pasi juu ya sketi ya mteja na sikujua mpaka moshi ulipoanza.

Nakala zilikuwa mbili. Kigugumizi tangu wiki hiyo anavaa viatu vipya. Nilipomuuliza amevipata wapi alisema ni zawadi, na neno zawadi lilimkwama kuliko kawaida. Juzi nilimwambia sijisikii vizuri, asije kufanya mazoezi. Alisimama mlangoni kidogo, akaondoka.

Na wewe, usinielewe vibaya, nauliza tu. Flashi iko wapi?

Mpwa wako

16 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu ya mvua. Barabara ya kambini imekatika, lori lilikwama, tukala chakula cha makopo mpaka tukaanza kufanana na makopo. Halafu nilitegua kifundo cha mguu nikishuka ngazi ya kreni. Daktari wa kambi amekifunga bandeji, nikapewa kazi ya kukaa chini na kuhesabu mabomba, kazi ambayo mtu yeyote mwenye vidole anaweza. Sasa nimepona. Mvua pia imepungua. Upande wa pili wa bwawa wameanza kumwaga zege, na mhandisi mpya ni mtu wa kelele lakini si mbaya.

Flashi iko salama. Iko mfukoni mwangu hapa ninapoandika.

Kuhusu huyo rafiki yako, simjui, lakini jihadhari. Mtu anayetaka kutoka kimaisha hachagui mlango. Viatu vipya ni viatu vipya.

Sasa nirudi kwa dada yangu. Barua zako zote, tangu nilipohamia huku, zilikuwa na mstari wake chini, kwa mkono wake, hata kama ni kunitukana kidogo. Kwenye barua ya Februari mstari huo haukuwepo. Kwenye ya Machi haukuwepo. Nimezigeuza nyuma na mbele. Ameacha kuandika? Kalamu imeisha huko? Unaniambia amesema hivi, amesema vile, lakini yeye mwenyewe simsikii. Na mtu aliyekwenda kununua uzi wakati rafu imejaa uzi, hata mimi ningenyoosha shingo.

Sikushuku. Nauliza tu, kama ulivyoniuliza wewe.

Mjomba wako

9 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Tuko salama.

Bahasha hii nimeishona kwa cherehani pande zote. Ukikuta uzi umekatwa, ujue imesomwa. Sikumpa dereva. Nimempa fundi umeme wa kambini kwenu aliyekuja likizo na kupitia kuchukua koti lake.

Nilifuata maneno yako. Jumamosi nilikwenda kwenye ukumbi ulio nyuma ya mashine ya nafaka, wanamokutana vijana wa muziki. Kigugumizi alikuwepo, na wengine wengi. Nikamwambia mbele yao wote kwamba ameuza biti yangu kwa watu wa magodoro. Akafungua mdomo. "Mi... mi... mi..." Mtu mmoja akacheka. Nikasema, "Mnaona? Hana la kusema." Aliendelea kujaribu, mishipa ya shingo imemsimama, na sauti haikuja. Akatoa simu yake, akaiweka mezani mbele yangu, akafuta ile biti nikiona, kisha akafuta na nyimbo zake alizozirekodi juu yake. Zote. Akatoka. Mwenye ukumbi akaniambia vile viatu amepewa na tajiri yake wa mashine ya nafaka, kwa sababu vya zamani vilikuwa vinaingiza pumba.

Hapo ndipo nilipoanza kuhesabu upya. Nikaenda kwenye kituo cha redio. Wakanielekeza kwa mtu anayewatengenezea matangazo, ana chumba kidogo kilichobandikwa sponji ukutani mpaka kwenye dari. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Nilipomuuliza ameipata wapi ile ngoma, akasema, "Kwa shemeji yangu. Anaendesha lori la vyakula, anapeleka kule kwenye bwawa. Aliniambia mwenye nayo ni dereva wa kreni, na hana neno."

Hana neno.

Nimesoma tena barua yako ya Aprili. Mvua, makopo, kifundo cha mguu, mhandisi mpya. Na flashi iko mfukoni mwako hapo unapoandika. Sidhani ulidanganya. Nadhani ulichagua dakika ambayo ni kweli.

Nimemvunjia mtu heshima mbele ya watu kwa ajili ya kitu ulichokijua. Usiniandikie habari za mvua tena.

Mama anashughulika na sare za hospitali, hana nafasi ya kuandika.

Mimi

30 Mei

Mpwa wangu,

Uzi ulifika mzima, nimeukata mwenyewe.

Haya, ilikuwa hivi. Siku nilipoisikiliza ile biti kibandani, nilisikia kikohozi, na nikakijua. Mama yetu, bibi yako, alikohoa hivyohivyo miezi yake ya mwisho. Alikuwa anakibana kwa kanga mdomoni ili sisi watoto tusiamke. Mimi na dada yangu tulikuwa tumelala mkeka mmoja, na wote wawili tulikuwa macho. Kwa hiyo usiniambie vumbi la pamba.

Nilikuandikia na kukuuliza, lakini nilijua utajibu nini, kwa sababu namjua dada yangu na najua atakuwa amekukataza. Nikamwomba dereva apitie dukani aangalie kwa macho yake. Suruali ile niliichana mimi kwa kisu, ili awe na sababu ya kukaa. Akakubali. Akasema njia ni ndefu na redio ya lori haishiki kitu, nimwachie ule muziki asikilize. Nilikuwa nimeshamchezea mara moja, kwa majivuno tu. Akaniuliza ni wa nani. Nikasema ni wetu. Neno hilo ndilo lililoipoteza biti yako. Sikusema sina neno. Lakini flashi nilimpa, na uliniambia nisimpe mtu, hata kwa kuonja.

Aliporudi alinirudishia flashi, akanipa na habari. Alisema, "Twiga, fundi mkubwa hayupo kwenye cherehani. Kuna mtu amelala nyuma ya pazia. Binti anashona peke yake, na vidole vyake vimefungwa plasta."

Hiyo ilikuwa mwisho wa Machi. Nimekaa na habari hiyo Aprili yote nikingoja uniambie mwenyewe. Kila barua nilipoifungua nilitafuta, nikakuta Mama anacheka, Mama amesema, Mama ni mzima. Nikasema basi, na mimi nitaandika mvua. Uliposema nakala ni mbili na unamshuku rafiki yako, nilijua kabisa si yeye, na nilikuacha uende kumvamia, kwa sababu kukwambia kweli ya flashi ilikuwa lazima nikwambie nilimtuma mtu kukupeleleza. Viatu vipya ni viatu vipya. Sentensi hiyo niliiandika nikiwa na flashi mfukoni.

Nimeomba likizo. Mhandisi wa kelele amekubali. Nitafika mwanzoni mwa Julai, dada yangu apende asipende.

Kabla sijafika, niandikie ukweli. Nataka nikiingia nijue ninaingia kwenye nini.

Mjomba wako

18 Juni

Mjomba,

Shikamoo.

Nilikaa na barua yako siku kadhaa kabla ya kukaa na kalamu. Nilipofika kwenye ile suruali uliyoichana mwenyewe nilitaka kuichoma. Kisha nikakumbuka ni mimi niliyesimama mbele ya pazia na pasi ya moto.

Ni mapafu. Yalianza mwaka jana kabla ya mvua. Hospitali wamempa dawa za muda mrefu na wamemwambia asikae kwenye vumbi la vitambaa, kitu ambacho kwa fundi ni sawa na kumwambia samaki akae pembeni ya maji. Amekonda. Mikono inamtetemeka kidogo kwa sababu ya dawa, ndiyo maana haandiki. Alijaribu kuweka mstari kwenye barua ya Februari, ukatoka umepinda, akaichana ile karatasi, akaniambia niandike upya bila yeye. Alisema, "Baba yako alipougua, mjomba wako aliacha kazi kiwandani akaja kukaa hapa, na kazi ile hakuipata tena. Akisikia atashuka kwenye kreni, na kreni haitamsubiri." Nikaapa. Tangu hapo kila barua yako ilikuwa inaniuliza swali lilelile, na mimi natafuta namna mpya ya kutojibu. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba ulikuwa unauliza vizuri.

Wiki mbili hizi amepata nafuu kidogo. Hii si nafuu ya kwenye barua. Anakula, anagombana na redio.

Nilikwenda kwa Kigugumizi. Nilimkuta mashineni, mweupe kwa unga mpaka kwenye kope. Nikamwambia nimekosea, nikamweleza yote, mpaka habari zako. Akazima mashine, akaanza kuongea. Ilimchukua muda, Mjomba, na nilijilazimisha kutomsaidia hata neno moja. Alisema, "Ulijua siwezi kujibu mbele ya watu. Ndiyo maana ulichagua mbele ya watu."

Nilitaka kukataa. Sikuweza, kwa sababu ni kweli. Njia nzima siku ile nilikuwa naogopa kwamba akijibu nitamwamini, na hapo ungebaki wewe.

Nikamwomba turudi kwenye wimbo. Akatikisa kichwa, akawasha mashine.

Kwa yule wa matangazo nilirudi na kompyuta. Nilimfungulia kila sauti peke yake, mkasi, pasi, kopo la vifungo. Nilipofika kwenye kikohozi nikamwambia huyo ni mama yangu, ni mgonjwa, na unamtumia kuuzia watu magodoro. Uso ulimbadilika. Tangazo sasa lina filimbi. Ameniambia nimletee biti nyingine, ataweka jina langu. Nimemwambia nitafikiri, na kwamba nitakuja nayo mwenyewe, simtumi shemeji wa mtu.

Njoo. Mama hajui kama unajua. Sijui nitamwambiaje.

Mpwa wako

11 Agosti

Mpwa wangu,

Nimefika kambini salama. Kreni iko palepale, imenisubiri, mwambie dada yangu.

Kuna mambo sikuyasema nikiwa kwenu, kwa sababu chumba ni kimoja na pazia halizibi sauti. Nilipoingia, ile sura aliyoitoa dada yangu sitaisahau. Hakufurahi. Alikutazama wewe, akanitazama mimi, akasema, "Nani kati yenu amevujisha?" Sisi wote tukatazama sakafu. Kisha akasema, "Mimi ndiye niliyemkataza mtoto. Kama una ugomvi, gombana na mimi, lakini ngoja nimeze dawa kwanza." Akameza dawa, akanywa maji, akakaa vizuri. Nikakuta ugomvi wenyewe umeshanitoka.

Ulipotoka kupeleka nguo za wateja asubuhi zile, tuliongea. Nilimuuliza kama anaogopa. Alisema usiku hapana, mchana ndiyo, akikusikia upande wa pili wa pazia unashona haraka kuliko anavyoshona yeye. Nilimuuliza pia habari za ile biti. Alisema alijua unarekodi siku ile. Alijua amekohoa. Alidhani utakikata, na ulipokiacha akaona ni sawa, angalau amefanya kazi siku hiyo.

Kwako wewe nilisema samahani mara moja, mlangoni, nikiwa na begi mkononi na basi linapiga honi. Hiyo haikutosha. Naisema tena hapa ambapo nimekaa. Nilikuwa na haki ya kumwogopea dada yangu. Sikuwa na haki ya kumtumia rafiki yako kama kifuniko.

Dereva nimeongea naye. Anasema hakuona ubaya, muziki ni hewa. Simpi barua zangu tena, wala hanipitishii hata salamu.

Sasa niambie, na nataka jibu la kweli kwa sababu siku hizi nalisoma kila neno lako mara mbili: ile kliniki ya mwisho wa Julai alikwenda? Au alikwambia amekwenda?

Mjomba wako

9 Septemba

Mjomba,

Shikamoo.

Alikwenda. Nilikwenda naye, nikakaa naye kwenye benchi, nikaingia naye kwa daktari ingawa alinikunjia uso. Picha ya kifua imeonyesha ugonjwa umepungua. Daktari hakusema amepona, alisema dawa zinafanya kazi na asikatize. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, sijapunguza wala kuongeza. Utasoma mara mbili, najua. Mimi pia nilimwambia daktari arudie.

Tumehamisha meza ya kukatia nje kwenye kibaraza ili vumbi liondoke na upepo. Mama anakaa ndani mbali na vitambaa, kazi yake ni vifungo na kunikosoa. Amemkosoa hata daktari jinsi koti lake lilivyokatwa mabega.

Ile biti ya pili nimempelekea mtu wa matangazo. Nimeitengeneza na sauti za kibarazani: ndoo, ufagio, mlango wa jirani, mvua kwenye bati. Imelipiwa, na jina langu limetajwa redioni, limetamkwa vibaya.

Nikwambie kitu kimoja, halafu nifunge. Jumamosi nilikuwa narudi kutoka kupeleka nguo za mteja, nikapita nyuma ya mashine ya nafaka. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi. Kigugumizi alikuwa anaimba ule wimbo wake, ule aliouandika kwa ajili ya biti yangu. Sasa ameuweka juu ya biti ya mtu mwingine, zile ngoma za kwenye programu ambazo kila mtu anazo. Besi imepwaya kama suruali ya kuazima. Pale ambapo mimi ningeacha kimya ili avute pumzi, wao wamejaza matoazi. Na bado, Mjomba, sijawahi kumsikia akiimba vizuri hivyo. Hakukwama popote. Nilisimama kando ya ukuta na kile kitambaa cha kufungia mzigo mikononi mpaka akamaliza, watu wakapiga makofi. Mikono yangu ilikuwa inapanga mkasi hewani bila mimi kuiambia.

Sikuingia. Nilijiambia nikiingia watanyamaza wote, wataniangalia mimi badala yake. Nilirudi nyumbani.

Nilimweleza Mama. Alikuwa anashikiza kifungo, hakuinua macho. Akauliza, "Alikuona?" Nikasema hapana. Akauliza, "Besi ilikuwaje?" Nikasema mbaya sana. Akakata uzi kwa meno, akanitazama, mimi nikaanza kukunja nguo ambazo zilikuwa zimeshakunjwa.

"Basi Jumamosi hii ingia," akasema. "Uingie mbele ya haohao uliomfedhehesha mbele yao. Sema ulichomwambia mashineni, kwa sauti. Halafu ukae chini, umsubiri amalize sentensi yake, hata ikichukua mpaka jioni. Biti usiitaje."

Leo ni Jumatano.

Mpwa wako